Nasieku Mnayemcheza Alikuwa Mwanangu

Nina miaka thelathini na sita. Ni mzaliwa wa Poli, Umeruni, na sasa nimerudi kuishi kwa wazazi wangu, kwenye chumba kilekile nilichokiacha siku naolewa. Sina mume. Sina mtoto. Duka langu la maziwa kule Moshono, Arusha, nimelifunga. Lakini wasomaji wenzangu, si hayo yaliyonifanya nichukue kalamu. Ninaandika kwa sababu ya wimbo...

Mnaujua. Ni ule wa kauboi, unaoanza kwa mluzi na gitaa, kisha mwanaume anaita, "Nasieku, twende!" na ukumbi mzima unaitikia. Mmeupiga kwenye harusi na sendofu zenu. Mmeusikia kwenye nyama choma za Ngarenaro mpaka Olasiti. Wengine mmeufanya mlio wa simu. Likitajwa jina hilo, wanaume wanainua kofia juu na wanawake wanazungusha viuno.

Je, kuna aliyewahi kujiuliza huyo Nasieku ni nani?

Mimi ninamjua. Nilimzaa.

Baba yake anaitwa Lazaro, ndiye huyo mnayemwita Kauboi. Tulikutana kwenye tamasha la kwaya za sharika, yeye akipiga gitaa, mimi nikiimba sauti ya pili. Kwao ni magharibi ya Mlima Meru, kwenye vumbi na ng'ombe. Mimi nilikulia kwenye migomba na kahawa, hata kukamua nilikuwa sijui! Mama mkwe ndiye aliyenifundisha. Nilimwita yeyo, yaani mama, na hakika alikuwa mama kwangu.

Lazaro alichunga ng'ombe wa baba yake, lakini moyo wake ulikuwa kwenye muziki wa kantri. Baba yake alikuwa na redio ya kaseti na kanda za zamani za Wazungu wanaoimba habari za farasi na ng'ombe. Lazaro hakuelewa neno hata moja, lakini alijifunza gitaa kwa kuzisikiliza. Akajinunulia kofia pana ya mtumba, akawa anakwenda nayo malishoni. Wachungaji wenzake walimcheka, wakamwita Kauboi. Naye akalipenda jina.

Mtoto wetu alizaliwa kabla ya wakati wake. Alikuwa mdogo mno, hata wifi zangu waliogopa kumshika. Mama mkwe akamwita Nasieku, jina la Kimasai la mtoto aliyewahi kufika. Kanisani tulimbatiza Upendo, na hilo ndilo lililoandikwa kwenye cheti. Naomba mlikumbuke jambo hili, kwa sababu baadaye liliniumiza sana.

Daktari alituambia moyo wake una tatizo. Asikimbie. Asichoke. Tungoje akue kidogo ndipo atibiwe. Lakini utamzuiaje mtoto aliyezaliwa bomani asiwafuate ndama? Basi baba yake akawa anambeba mabegani, anakwenda naye machungani, anarudi naye. Jioni mtoto hakutaka kurudi! Alilia kwamba anataka kulala na ndama. Hapo ndipo Lazaro alipomtungia wimbo wa kumbembeleza.

*Nasieku, twende, ng'ombe wamekunywa,*
*Jua limechoka, mama anangoja.*
*Usikimbie, moyo wangu,*
*Nitakubeba mpaka nyumbani.*

Mmeyasoma maneno hayo? Ndiyo hayohayo mnayoyaimba. "Usikimbie, moyo wangu." Ninyi mnadhani ni mwanaume anamsihi mpenzi wake asimwache. Alikuwa ni baba anamwomba mtoto mgonjwa asikimbie...

Na ule mluzi wa mwanzo unaokatika katikati, ambao mnasema ndio utamu wa wimbo wenyewe? Nasieku alitaka kuwapigia ng'ombe mluzi kama baba yake. Alipuliza, pumzi ikamwishia njiani. Alipuliza tena, ikamwishia. Baba yake akawa anamwiga, wanacheka wote wawili. Ni pumzi ya mwanangu ile! Mnacheza pumzi ya mtoto wangu iliyokuwa inakatika.

Alipokuwa na miaka minne, msimu wa baridi ulikuwa mkali. Alishikwa na nimonia. Tulikodi gari asubuhi kumpeleka hospitali, nikiwa nimempakata, nimemfunika kwa shuka la babu yake. Tulipofika barabara ya lami nilihisi amekuwa mzito. Nilimwita. Nilimwita tena. Lazaro aliyekuwa amekaa mbele aligeuka, akaniangalia, akajua.

Tulimzika nyuma ya boma. Baada ya mchungaji kumaliza, Lazaro aliimba ule wimbo, polepole, bila gitaa. Wanaume wazima walilia siku ile. Kisha baba mkwe akatuita ndani na kutuambia kwamba katika desturi yao mtoto aliyekwenda hatajwi tena jina. Tangu siku ile waliokuwa wakiniita Mama Nasieku wakawa wananiita Ndeshi, jina langu la usichana. Sikubishana. Ningebishana na nani? Lakini usiku na mchana nilikuwa namwita peke yangu, kimoyomoyo.

Lazaro naye hakumtaja. Hatukuwahi kukaa tukamlilia pamoja. Yeye alilia malishoni, mimi nililia jikoni...

Tukahamia Moshono ili tubadilishe mazingira. Kule hakuna aliyetujua. Nilifungua duka la maziwa na mtindi, mama mkwe akawa ananiletea maziwa ya bomani. Lazaro alipata nafasi kwenye bendi iliyokuwa ikipiga kantri kila Jumapili mchana kwenye nyama choma moja huko Olasiti. Nilitamani tupate mtoto mwingine. Nilibeba mimba, ikaharibika. Sikubahatika tena.

Siku moja Lazaro alikuja nyumbani na rafiki yake, Godi, mwenye studio ndogo pale Ngarenaro, juu ya karakana ya kuchomelea mageti. Niliwapikia ndizi nyama. Wakati nawaandalia, Lazaro alikuwa anakaza nyuzi za gitaa, na bila kujijua akaanza kuuimba chinichini ule wimbo. Godi aliacha kula. Aliuliza ni wimbo wa nani.

Lazaro alimwambia ukweli wote. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu! Alimwambia ni wa marehemu binti yetu. Godi akanipa pole. Kisha akasema wimbo ni dhahabu.

Lazaro aliponiuliza kama niko radhi aurekodi, nililia kwa furaha. Niliona kwamba mwanangu aliyekatazwa kutajwa sasa atatajwa na watu wote. Nilimpigia pasi shati la kwendea studio. Ningejuaje?

Niliusikia mara ya kwanza kwenye simu yake. Ulikuwa umekimbizwa mbio, ngoma zinadunda, watu wanapiga kelele nyuma. Nilimrudishia simu. Lazaro akaniambia nisijali, hayo ni mapambo ya biashara, historia yenyewe ataieleza redioni.

Siku ya mahojiano niliwaita wateja wangu waje dukani tusikilize. Niliwagawia mtindi bure. Mtangazaji akasema, "Kauboi, tupe historia ya wimbo huu unaotikisa Arusha. Nasieku ni nani?"

Lazaro alikaa kimya. Kimya kile nilikielewa, nikajua anatafuta nguvu ya kumtaja. Nikashika meza. Kisha nikasikia anacheka.

"Nasieku alikuwa demu wangu wa zamani bwana," akasema. "Ukame ulipoua ng'ombe akaniacha, akakimbilia mjini."

Mtangazaji akaangua kicheko. "Sasa kama anakusikia huko aliko, unamwambia nini?"

"Namwambia amechelewa!"

Amechelewa... Mtoto aliyepewa jina la aliyewahi kufika! Wateja wangu walicheka, mmoja akapiga meza. Mimi niliinama chini ya kaunta kama natafuta kitu, nikajiziba mdomo kwa kanga.

Aliporudi nilimuuliza, "Baba Nasieku, umefanya nini?" Alikaa kitandani, akavua kofia, machozi yakamtoka. Aliniambia kwamba Godi alimwonya kuwa hakuna mtu anayecheza msiba. Akasema pia kwamba alitaka kusema kweli, lakini jina lilipofika kooni aliona atalia mbele ya watu wote. Aliahidi mahojiano yajayo atarekebisha.

Nilimwamini. Alikuwa mume wangu!

Lakini mahojiano yaliyofuata uongo uliota miguu. Mara Nasieku alikuwa na mwanya. Mara alikuwa anapenda viatu virefu. Mara alimpigia simu akitaka warudiane. Nilikuwa nasikiliza huku napima maziwa, na kila alilolisema lilikuwa kama linamfuta mwanangu kidogokidogo. Kisha ikatoka vidio. Msichana wa bendi aitwaye Jesca ndiye aliyekuwa Nasieku, na gauni jekundu na buti, anakimbia kwenye nyasi huku mume wangu anamfukuza juu ya farasi. Anakimbia! Nasieku wangu aliyeambiwa asikimbie...

Mnaweza kukisia yaliyofuata. Lazaro akaanza kulala nje kwa visingizio vya shoo. Baadaye hata visingizio akaacha kuvitoa. Nikaambiwa na watu kwamba anaishi na Jesca na kwamba Jesca ni mjamzito. Nilipompigia simu aliniita Ndeshi, kwa sauti ya mtu anayeongea na mteja.

Nilikwenda kwa wakwe zangu. Boma lilikuwa limebadilika, lina nyumba ya bati la rangi na ng'ombe wapya, matunda ya wimbo. Niliwasalimu shikamoo, nikapiga magoti. Nilimwomba baba mkwe aseme ukweli, hata mbele ya mchungaji tu, kwamba Nasieku alikuwa mjukuu wake. Cheti kinasema Upendo. Nisipopata mtu wa nyumbani wa kunishuhudia, nani ataniamini?

"Mwanangu," akaniambia, "mtoto aliyekwenda hatajwi. Unajua."

"Kama hatajwi, baba, mbona anachezwa?"

Alichukua fimbo yake akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, macho chini. Nilimwangalia mpaka nikachoka. Hakuinua uso.

Kisha ikaja harusi ya wifi yangu mdogo. Nilikwenda kwa sababu nilimpenda yule binti, na kwa sababu bado nilikuwa mke wa pale kwa ndoa ya kanisani. Turubai lilifungwa nyuma ya boma, kwenye uwanja, na kaburi la mwanangu liko pembeni tu, halina jina, lina mawe machache na isale, ule mmea wa kwetu wa kutia alama makaburini, nilioupanda mwenyewe. Wageni wengi walikuwa watu wa mjini, hawakujua kuna kaburi.

Mchana, baada ya chakula, dijei akaupiga. Watu wote wakasimama! Walicheza kwa mstari, wakazunguka turubai, wakatoka nje, wakaelekea kule pembeni. Wakawa wanaitikia, "Nasieku, kata kiuno! Nasieku, kata!" Niliona viatu vya watu vinapita karibu na yale mawe. Niliona mwanamke mmoja anaikanyaga isale.

Sikumbuki nilivyofika kwa dijei. Nakumbuka maiki ilikuwa mkononi mwangu na muziki umezimwa. Niliwaambia wote. Niliwaambia Nasieku ni nani, alizaliwa wapi, alikufaje, na kwamba wamesimama karibu na kichwa chake. Nilinyoosha kidole pale kaburini. Turubai lote lilikuwa kimya, nikadhani, Mungu wangu, hatimaye!

Lazaro akaja. Alivua kofia, akanikumbatia mbele za watu kwa upole mkubwa. Kisha akaichukua maiki.

"Jamani, naomba mnisamehe," akasema. "Mke wangu mimba iliharibika, na tangu wakati huo hajawa sawa. Naombeni tumwombee."

Wakaniombea! Wasomaji wenzangu, wakanizunguka, wakaniwekea mikono kichwani na mabegani, wakakemea roho ya kuchanganyikiwa initoke. Nilipiga kelele kwamba sina wazimu, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kukemea. Kati ya mikono yao nilimwona mama mkwe amesimama peke yake, kanga imemziba mdomo. Alijua. Boma zima lilijua. Hakuna aliyesema neno.

Kulikuwa na watu waliokuwa wanarekodi. Kesho yake klipu ilikuwa kwenye kila simu, na kichwa chake kilisema mke wa Kauboi amechanganyikiwa kwa wivu. Wateja wakaanza kuja kunitazama badala ya kununua. Vijana wa bodaboda wakipita dukani walikuwa wananipigia mluzi. Maziwa ya bomani yakakatwa. Wazee wa usharika waliniita, wakaniambia nipumzike kwaya mpaka nitakapokuwa nafuu. Nilifunga duka, nikabeba nguo zangu, nikarudi kwa wazazi wangu.

Nilidhani huo ndio mwisho wa maumivu. Sivyo. Nikiwa jikoni kwa mama nachambua mboga, redio ya jirani ikatangaza kwamba Kauboi na Jesca wamepata mtoto wa kike. Mtangazaji aliuliza jina.

"Sasa wewe unadhani ataitwa nani?" Lazaro akajibu. "Nasieku!"

Waliupiga wimbo. Niliacha kisu, nikaenda kulala. Sikuamka kwa muda mrefu. Mama yangu alininywesha uji kwa kijiko kama mgonjwa. Baba alikuwa anasimama mlangoni, ananiangalia, anaondoka. Nilifika mahali nikamwomba Mungu asiniamshe tena. Sioni aibu kuliandika hilo, kwa maana najua kuna anayesoma hapa ambaye naye amefika hapo. Mama yangu hakuniacha peke yangu hata mara moja. Alimwita dada yangu, wakapokezana kukaa na mimi na kuniuliza habari za Nasieku, alikuwa anapenda nini, alikuwa anasemaje. Nilipoanza kuwajibu ndipo nilipoanza kula.

Wakati huo simu yangu ikalia, namba nisiyoijua. Ilikuwa ni Jesca.

Nilitaka kukata. Lakini alikuwa analia, na nyuma yake mtoto alikuwa analia pia.

"Dada Ndeshi, mimi sikujua," akasema. "Naapa kwa huyu mtoto, sikujua."

Aliniambia kwamba mama mkwe alikwenda kumwona mjukuu. Alimpakata mtoto vizuri tu, mpaka alipoambiwa jina. Hapo akamrudisha kwa mama yake, akakaa chini sakafuni, akaanza kusimulia. Alisema yote... mabega ya baba yake, ndama, mluzi, lile gari la asubuhi. Alimtaja kwa jina, yule bibi aliyekatazwa kumtaja! Lazaro alikuwa amesimama hapo hapo. Jesca alimuuliza kama ni kweli. Lazaro alivaa kofia yake akatoka, na hakurudi siku ile.

"Nilidhani ni wimbo tu, dada," Jesca akasema. "Nimfanyeje mtoto? Niambie wewe. Lolote utakalosema nitalifanya."

Nilikuwa nimengoja mtu anipe nafasi ya kulipiza. Sasa ilikuwa mkononi mwangu! Ningeweza kumtukana. Ningeweza kumwambia neno ambalo lingemtesa kila akimwita mwanawe. Nilimsikiliza yule mtoto anavyolia. Alikuwa na pumzi nzuri, ndefu, haikatiki.

"Mtafutie jina lake mwenyewe," nikamwambia. "Asibebe la mtu. Na mlee vizuri."

Nikakata simu, nikalia kwa sauti mpaka mama akaja mbio kutoka shambani.

Nimesikia mtoto sasa anaitwa jina jingine. Nimesikia pia kwamba Jesca amerudi kwao Babati, na kwamba mama mkwe amehamia kwa dada yake baada ya kutoelewana na mzee kwa ajili ya kuvunja desturi. Lazaro hajawahi kunipigia. Redioni anaendelea kusimulia hadithi ileile, na wimbo unaendelea kupigwa. Ukweli wangu unajulikana na watu wachache ambao hawana redio wala maiki. Basi.

Ninachowaomba ndugu zangu mliooana ni hiki. Mkifiwa na mtoto, lieni pamoja! Msiseme huyu ni mwanaume atajikaza, huyu ni mwanamke atasahau akizaa mwingine. Mtajeni mtoto wenu kwa jina, mezani, kitandani, mbele ya wageni. Nyumba ambayo marehemu hatajwi, siku moja mtu wa nje atakuja kumtaja anavyotaka yeye. Na ninyi mnaojua ukweli mkakaa kimya kwa ajili ya desturi, au kwa ajili ya ng'ombe, tafadhalini... semeni mapema. Mama mkwe wangu alisema, Mungu ambariki, lakini mwanangu alikuwa ameshazikwa mara ya pili.

Dijei ataupiga tena Jumamosi hii, najua. Sina uwezo wa kuwazuia kucheza. Ila kama utakuwepo, nawe umesoma haya, nakuomba jambo moja tu... wenzako wakisimama, wewe baki umekaa.